Pasi ya Apolinaria

Ninafumba macho kusali baada ya chakula cha mchana, na kabla sijafika kwenye Amina usingizi unanichukua, nikiwa nimekwisha kumruhusu mke wa mwanangu, Tekla, ampe mnunuzi wa vyuma chakavu pasi ya mkaa ya marehemu mke wangu Apolinaria, kwa kuwa nyumba sasa ina umeme. Papo hapo meza inarefuka, inakuwa barabara, nayo inapita katika mji wa Warumi ambamo kila nyumba imetazamana na nyumba iliyo sawa nayo kabisa, na katika zote mbili ni mimi ninayechungulia dirishani. Anatokea mtu asiye na uso. Ninamwuliza, Ndugu, njia ya kurudi kwangu ni ipi? Ananijibu, Ni ile waliyoshika wanaohama. Shuleni kwetu jibu la namna hiyo lilipata fimbo. Ndipo ninawaona wanaohama: vijana wawili wafupi kama chupa, wamevaa kanzu zisizofika magotini, wanaikokota pasi yetu, na jogoo wa shaba aliye juu ya kifuniko chake amenipa kisogo. Ninawatambua. Padre alitufundisha kwamba Warumi waliweka karibu na jiko miungu midogo ya kulinda nyumba, na tonge lililoanguka mezani lilikuwa lao.

Iwekeni chini, ninasema. Mimi ni Mkristo, siabudu sanamu. Nani amekuomba ibada, mzee? anajibu wa kwanza. Sisi tunaomba ugali. Apolinaria alituachia tonge hadi jioni. Wewe unafagia kabla halijapoa. Na pasi? ninauliza. Ndimo tunamolala, anasema wa pili. Na Jumapili ukivaa shati, ni nani kama si Apolinaria anayekuambia kola imekunjamana? Naye tunaondoka naye. Ninaushika mpini. Wanavuta, ninavuta, barabara inajikunja kama mkeka. Tonge moja kila siku, ninasema. La moto, anasema wa kwanza. Na mboga, anasema wa pili. Mboga hapana. Jogoo anageuka, ananitazama.

Amina, ninasema, na kufumbua macho. Tekla yuko mlangoni. Baba, mtu wa vyuma amefika, ila pasi siioni jikoni. Pasi iko magotini mwangu, ina uvuguvugu, wala hapana aliyeitia mkaa. Mwambie aende zake, mwanangu. Ninadondosha tonge, Tekla anauendea ufagio. Liache. Baba, unaumwa? Kola imekunjamana, ninasikia, na mdomo wa Tekla umefumbwa. Ninainyoosha kola, kisha, kwa kuwa sina hakika ile Amina niliisema upande gani wa usingizi, ninaisema tena.