Mlango wa Dereva

Tulipohamia jimbo la Wyoming kutoka Iowa, hukuhuku Marekani, ili tuwe karibu na binti yetu Tamsin, mume wangu Orrin alifungua maboksi yote mwenyewe, akapanga vyombo, akatundika mapazia. Kitu kimoja tu kilimshinda: kwenda ofisi ya leseni.

Sheria ya huku iko wazi. Ukishahamia unabadilisha leseni, unasajili gari upya, unafunga namba za jimbo. Mimi yangu niliibadilisha mapema. Orrin kila nikimkumbusha alikuwa na sababu. Leo miwani imekwaruzika, kesho foleni ndefu, keshokutwa mgongo.

"Mgongo na leseni vinahusiana nini?"

"Viti vyao ni vya plastiki, mama. Hujavikalia wewe."

Nilikuwa nimevikalia. Havikuwa na shida yoyote.

Nikaanza kumchunguza. Nilidhani labda ana kesi Iowa, au faini aliyonificha. Nilifika mpaka kufikiria mwanamke, kwa sababu simu ikilia alitoka nje kuongea, na upepo wa hapa si wa mtu kusimama nje kwa hiari yake. Nikimuuliza ni nani, anasema Gerrit, rafiki yake fundi wa kule tulikotoka.

"Anataka nini?"

"Anasalimia tu."

Salamu za nusu saa, huku kofia inataka kupeperuka.

Na kila asubuhi alimpeleka mjukuu wetu Maisie shuleni kwa pikapu yetu, bado ina namba za Iowa. Jirani akatuuliza kama sisi bado ni watalii. Nilicheka, lakini nilipoingia ndani nilikuwa nimeamua. Gari ni letu wote wawili, nitalisajili mwenyewe.

Gari lililotoka jimbo lingine lazima kwanza askari alione na kuhakikisha namba ya chesisi. Nikangoja siku Orrin alipokwenda kwa kinyozi kwa miguu, nikachukua ufunguo, nikalipeleka gari kituo cha polisi.

Askari alikuwa mtu mzima mwenye masharubu, jina lake Pruitt. Alisoma namba iliyo chini ya kioo cha mbele, kisha akafungua mlango wa dereva, akainama kusoma kibandiko cha ukingoni. Akarudi mbele. Akarudi tena mlangoni.

"Mama, gari hili mlilinunua wapi?"

"Iowa. Likiwa jipya."

"Na mlango huu?"

"Ulikuja nalo."

"Haukuja nalo. Namba iliyo hapa ni ya gari lingine. Naomba ufunguo, usogee pale kidogo."

Nilisimama kando ya ukuta kama mwizi, mkoba nimeukumbatia, yeye akiongea na redio yake. Sauti yake ilikuwa ya upole, na upole huo ulinitisha zaidi. Aliporudi alinipa ufunguo.

"Si la wizi. Gari lenye mlango huu liliuzwa skrapu. Lakini hili lenu liligongwa ubavuni. Ona rangi hapa kwenye bawaba. Hukuwa na habari?"

"Sikuwa nayo."

"Mume wako je?"

"Hilo nakwenda kulijua sasa hivi."

Nilimkuta Orrin amesimama mlangoni, nywele zimekatwa vizuri, uso umemshuka. Alikuwa ameona gari halipo.

"Uligonga nini?" nikamuuliza.

Alikaa kwenye ngazi. "Uzio. Wa Gerrit. Wakati ule umekuja huku kutafuta nyumba."

"Uzio tu ndio ukufanye utoke nje kila simu ikilia?"

"Sikuuona. Nilikuwa naendesha, halafu nikajikuta shambani, Gerrit ananipiga mashavu. Mlango akautafuta yeye, wa rangi ileile. Sasa ananipigia kila wiki ananiambia nikwambie."

"Ulisinzia?"

"Sikusinzia."

Hapo ndipo nilipoelewa habari ya leseni. Ofisini wanakuuliza kama umewahi kupoteza fahamu, na unajibu kwa kiapo. Orrin hajawahi kuapa uongo maishani mwake. Basi hakwenda.

"Kusema uongo uliogopa," nikamwambia. "Maisie hukumwogopea."

Alifunika uso kwa mikono. Nilitaka kumshika bega na sikumshika.

"Imetokea tena?"

"Mara moja. Sebuleni."

"Barabarani je?"

"Nimekwambia sebuleni."

Sikujua kama nimwamini. Mpaka leo sijui.

Mchana huo nilimfuata Maisie shuleni mimi. Jioni nilimweleza Tamsin, na Orrin akiwa amekaa palepale. Tamsin hakupiga kelele. Alimvalisha mtoto koti, akafunga zipu mpaka kidevuni, wakaondoka bila kula.

Kesho yake nilimpeleka Orrin ofisini. Tulipoitwa, karani, msichana mwenye mafua, alimsomea maswali haraka kama mtu aliyeyachoka. Kwenye lile swali Orrin akasema, "Ndiyo." Msichana akainua kichwa kwa mara ya kwanza. Alimwambia kwa adabu kwamba hataendesha mpaka daktari aseme, akachukua leseni ya Iowa, akampa kitambulisho cha kawaida.

"Basi nitakuwa nabebwa na wewe, mama," akaniambia tukitoka.

"Utakaa nyuma."

Hakucheka, na mimi sikuwa nimetania.

Daktari alikuta moyo unakwenda taratibu mno, wakati mwingine unasimama kabisa, wakamwekea kifaa kifuani cha kuusaidia kupiga. Anaendelea vizuri. Gari limepata namba mpya na naliendesha mimi. Tamsin anakuja Jumapili kula, lakini hajamwacha mtoto peke yake na babu yake, na Orrin hamlaumu.

Mimi nalala naye kitanda kimoja, nampikia, nampenda. Ila akikaa kimya sana chumba cha pili namwita kwa jina. Akijibu upesi, najiuliza alikuwa ananificha nini. Akichelewa, nimeshasimama.