Ng'ombe Waliogoma Langoni

Ng'ombe wa Mayala waligoma kuingia zizini siku ya pili baada ya mvua kubwa kunyesha kijijini Nkololo. Wanafika langoni, wanarudi nyuma, macho yamewatoka. Siku ya tatu ndama alisukumwa na wenzake, akaanguka palepale, akafa bila hata kulia.

Na jibu lilikuwa chini ya miguu yao! Mwezi mmoja kabla, Mayala alivuta umeme kutoka nyumba kubwa hadi kwenye kibanda cha shangazi yake, bibi Nyamizi, mjane asiye na mtoto. Aliambiwa aite fundi, akabisha. Kwani waya mbili zitamshinda mwanaume? Akazifukia chini ya lango la zizi bila bomba, na zilipopelea akaziunga kwa selotepu. Taa ikawaka, majirani wakamsifu, kichwa kikamvimba.

Ndama alipokufa, hakuna aliyekumbuka waya. Watu walitazama macho mekundu ya bibi kizee, macho yaliyoharibiwa na moshi wa jikoni miaka sitini. Asubuhi yake ukoo ulikaa kikao, na Joakim, kaka mkubwa wa Mayala, akatamka wazi kwamba shangazi ni mchawi, ahame kabla jua halijazama. Mayala aliinamisha kichwa. Alishajua. Jana yake, akimvuta yule ndama, kiganja kiligusa tope na ganzi ikampanda hadi begani. Mficha uchi hazai, lakini aibu ilimshinda, akaacha kikao kiishe bila kutaja waya.

Mchana shangazi alitoka na kifurushi chake. Hapo Mayala alishindwa kuvumilia. Aliingia ndani akazima swichi kuu, akarudi kuwaswaga ng'ombe. Wakapita langoni wote, taratibu, kama siku zote.

"Ni waya wangu," akamwambia Joakim mbele ya watu. "Shangazi hana kosa."

Joakim alitazama chini. Mayala akamfuata shangazi, akampokea kifurushi.

"Nisamehe, shangazi. Rudi ndani. Kesho naleta fundi."

"Ulijua lini, mwanangu?"

"Tangu jana, ndama alipokufa."

"Kwa hiyo asubuhi, naitwa mchawi, na wewe umekaa pale, ulikuwa unajua."

Bibi Nyamizi akachukua kifurushi mikononi mwa Mayala, akajitwika, akashika njia ya Bariadi.