Vifuniko Juu ya Meza ya Pasi

Barua ya kumwachisha kazi Mama Pasi ilikuwa tayari, imekunjwa mara nne katika mfuko wa shati la mwenye duka la kufulia. Kilichokosekana ni ushahidi. Akamwita mpwa wake, aliyesomea uendeshaji wa biashara, akampa wiki moja.

"Nguo zinalala mezani kwake," alisema. "Wateja wananitolea macho. Nipe namba, mengine niachie."

Mpwa alikaa siku tano na saa na daftari. Mashine zilitoa furushi moja kila dakika ishirini. Mama Pasi alilinyoosha kwa dakika kumi na sita. Kwa hesabu hiyo meza yake isingejaa kamwe. Lakini kila alasiri ilijaa, na kila asubuhi alikaa amekunja mikono akimtania Povu, mfuaji: "Mashine zako zimegoma, au sabuni umekunywa?"

Kati ya mashine na pasi palikuwa na chaki. Tangu suti ya bwana harusi mmoja itoke na doa, furushi lolote halikupigwa pasi kabla Mjomba, yaani mwenye duka, hajalikagua na kuweka alama kwenye lebo yake. Chaki ilikuwa moja, naye aliiweka mfukoni.

Mpwa aliijua sababu siku ya tatu. Alijua pia kwamba Mjomba hasomi jedwali. Jumamosi mchana, walipofunga, alimwaga vifuniko vya chupa juu ya meza ya pasi.

"Kila kifuniko ni furushi," alisema. "Dakika moja hapa ni dakika ishirini za kazi. Povu anatoa, Mjomba unatia chaki, Mama Pasi anapitisha."

"Uzee huu nichezeshwe vifuniko!" Mama Pasi akacheka, akavuta kiti.

Vifuniko vitatu vilipita vizuri. Kisha simu ya Mjomba ikalia, akatoka nje kuongea. Povu aliendelea kutoa kimoja kila dakika. Mama Pasi alinyoosha mkono achukue, mpwa akamzuia.

"Bado hakina chaki."

Mjomba alirudi vifuniko vikiwa sita.

"Mbona mmekaa kama mko kwa daktari?"

"Tunakusubiri wewe, Mjomba."

Alivitia chaki harakaharaka, akavisukuma vyote kwa mpigo. "Haya mama, chapuchapu, vimejaa hapo kwa—"

Mkono wake ulibaki juu ya meza.

"Simu ile ilikuwa ya kazi," alisema Mjomba.

"Zote ni za kazi. Unatoka mara saba kwa siku."

"Na madoa? Nani atayaona?"

Mpwa alifungua daftari. "Wiki hii umerudisha mafurushi mawili yafuliwe upya. Yaliyokuwa na chaki yako tayari, Mama Pasi amerudisha matano."

Povu aliinama, akajifanya anaokota kifuniko.

Mjomba alitoa chaki mfukoni, akaitazama, akaiweka kando ya pasi. Akaaga.

Jumatano shati la Mjomba lilipita kwenye mashine pamoja na nguo nyingine. Mama Pasi, chaki mkononi, alilikagua na kutoa mfukoni donge jeupe la karatasi iliyokunjwa mara nne na kulowa.

"Huyu bosi wenu," alimwambia Povu, "kila siku anatuimbia tukague mifuko."

Akalitupa kwenye ndoo, akaweka alama, akachukua pasi.