Betri ya Tatu

Fundi umeme alikuwa amelala chali chini ya lori, anasugua unga mweupe kwenye vichwa vya betri kwa mswaki uliozeeka, ndipo dereva alipozima injini akazimika nayo.

Hakuanguka. Alibaki ameshika usukani, mdomo wazi, kama mtu aliyesahau jina. Fundi, ambaye yadi nzima ilimwita Shoti, akatoka chini, akafuta mikono kwenye suruali, akamgusisha mita ya umeme: ncha moja kidole gumba cha kulia, nyingine cha kushoto.

"Chaji imekwisha," akamwambia mlinzi wa yadi.

"Mwashe basi. Anaziba geti."

Shoti akazungusha ufunguo. Injini ikanguruma, dereva akapepesa macho, akamalizia alipoishia: "...na breki za nyuma zinalia."

Dereva huyo, Gia, alikuwa shemeji yake, mume wa dada yake. Lori lilikuwa la tajiri. Tajiri ndiye aliyeweka kitanda cha chuma nyuma ya kiti, friji dogo na feni, akasema, "Kitanda unacho, maji baridi unayo, nyumbani unafuata nini?" Shoti akafunga betri mbili, moja ya kuwashia gari, nyingine ya friji na feni, na katikati relei. Injini ikiwaka, relei inaziunganisha, alteneta inazijaza zote. Injini ikizimwa, relei inazitenga, ili friji linyonye betri yake tu. Kazi safi. Ila waya wa hasi ulikuwa mfupi, naye hakutaka kwenda dukani, akaufunga kwenye chuma cha kitanda. Gia akalalia chuma hicho safari baada ya safari, mpaka relei ikamchukulia kuwa betri ya tatu.

Shoti aliuhamisha ule waya siku hiyo hiyo. Haikusaidia kitu.

"Siyo waya tena, shemeji. Umelala humu mno."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo usizime gari."

Barabarani haikuwa shida. Shida ilikuwa nyumbani. Gia aliegesha nje, akaingia mbiombio, akanawa, akakaa, akasema, "Mke wangu, kuna kitu nataka nikwambie," akaisha. Mkewe akamvua viatu, akamfunika, akangoja. Ilikuwa hivyo kila aliporudi. Walijaribu kuacha lori likiwaka nje ya dirisha. Majirani wakalalamikia moshi, tajiri akalalamikia mafuta.

"Wewe ndo umeniharibia mume," dada akamwambia Shoti. "Nitengenezee. Nataka kujua alikuwa anataka kuniambia nini."

"Mimi? Si tajiri aliye..."

"Tajiri hajui hata kushika bisibisi. Panda juu ya bati."

Shoti akapanda. Akafunga paneli ya sola aliyoing'oa kwenye kibanda chake cha kuchajia simu, akapitisha nyaya dirishani, akaweka klipu mbili alizozungushia vitambaa zisimbane mtu vidole. Jua lilikuwa la kuchoma. Gia akafumbua macho.

"Kuna kitu nataka nikwambie."

"Sema, nipo."

"Nataka kuacha hii kazi."

Wingu likapita, akanyamaza. Likaondoka.

"Nimechoka kukaa kwenye kitu kisichokaa."

Mkewe akacheka, akajifuta macho, akamkuna mgongo. Wakapiga stori mpaka jua likaanza kutoka kwenye bati na maneno ya Gia yakaanza kuvutika. "Kesho," akasema, akazima.

Kesho yake akawaka tena. Akamenya viazi nyaya zikiburutika sakafuni, akabishana na jirani kupitia dirishani, akamwambia Shoti sola yake ni ya wizi. Lori likawa limekaa nje, na tajiri akaja kulitafuta.

Hakumwuliza Gia hali. Alifuata waya kwa macho, kutoka kidoleni hadi dirishani hadi juu.

"Anajaa kwa jua?"

"Anajaa," Shoti akasema.

"Na barabarani anajaa kwa alteneta."

"Ndiyo."

"Sasa analala ili iweje?"



"Mume wangu anaacha kazi," dada akasema. "Kasema mwenyewe."

"Aache. Lori naondoka nalo. Mvua zikianza mtamchaji kwa kitu gani, kwa sufuria?"

Gia akachungulia dirishani. Kwa mbali mawingu yalikuwa yanajipanga.

"Anasema kweli," akasema. "Mvua zikianza nitakuwa kabati humu ndani."

Akazitoa klipu mwenyewe.

Shoti akaihamishia paneli juu ya lori. Akaongeza relei nyingine, ya kumtenga Gia na friji, lisije likamnyonya. Kitanda tajiri alikitoa, nafasi ikajazwa magunia. Dada alisimama chini ameshika ngazi isiyohitaji kushikwa.

"Hivi wewe ni mdogo wangu au mdogo wa tajiri?"

"Mdogo wako. Nipe bisibisi."

Akampa.

Siku hizi Gia akipita nyumbani anasimama mbele ya geti, injini inanguruma. Mkewe anatoka, anapanda juu ya lori, anaipangusa paneli vumbi, anashuka hadi dirisha la dereva.

"Nataka kuacha hii kazi," Gia anasema. Macho yake yanawaka hata mchana.

"Najua. Zima gari basi, uingie."

Gia anautazama ufunguo. Mkono unafika, unaugusa. Anatazama mawingu.

"Nikirudi," anasema, anaondoa gari.

Mkewe anarudi ndani. Klipu mbili bado zinaning'inia dirishani. Anavifungua vile vitambaa, anavifua, anavianika, na vikikauka anavizungushia tena.