Mlo wa Kalenda

Kuku alikuwa mbichi ndani, na Veronika, binti aliyeletwa kutoka mjini kupamba chakula cha picha, alikuwa anampaka dawa ya viatu kwa brashi. Somoe alisimama mlangoni akamtazama kuku wa watu akigeuka wa kahawia, anavutia, utadhani kakaangwa na mtu anayejua kukaanga. Kisha sabuni ya maji ikamiminwa kwenye mchuzi wa nazi ili utoe povu, na samaki wakapakwa glisirini mpaka wakameta. Vyote hivyo ndani ya vyungu alivyofinyanga yeye Somoe, akavichoma yeye, licha ya kidonda alichokuwa nacho mguuni.

Haya, na yeye alikwisha kualika mgeni.

Asubuhi, gari la shirika la lishe liliposhusha vikapu uani kwake, alifanya jambo ambalo mwanamke yeyote wa Mpapura angefanya. Chakula kikipikwa uani kwako ni chako na cha jirani zako. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Akajikokota hadi kwa wifi yake Hadija, dada wa marehemu mumewe, akamwambia leo usiinjike chungu, leo unakula kwangu. Hadija ndiye aliyemlisha tangu nguruwe pori wamalize muhogo wake shambani. Alikuwa anakwenda porini kuchimba ming'oko, mizizi ya mwituni, anaichemsha, anamletea kwenye bakuli lililofunikwa. Na bakuli la watu halirudi tupu, hata mtoto anajua. La Hadija limerudi tupu msimu mzima, na kila alipolirudisha, Somoe alijisikia kama mwizi.

Shirika lenyewe lilikuja mwezi uliopita likapima watoto mikono, likasema mkutanoni kwamba shida ya kijiji si chakula, ni elimu ya chakula. Kwa hiyo itatengenezwa kalenda yenye picha za mlo bora. Watu wakapiga makofi, na Somoe naye alipiga.

Sasa alimsogelea Veronika, akamwomba kwa sauti ya chini amwachie sahani moja tu isiyopakwa kitu. Ana mgeni.

"Mama yangu, hiki si chakula," Veronika akasema, bila ubaya wowote. "Hii ni picha. Tukimaliza tunafukia, mtu asije akadhurika."

Hadija akapiga hodi. Alikuwa amevaa kanga yake ya harusini, na mikono kainawa huko huko kwake. Somoe alitaka kumwambia. Maneno yalikuwepo, mafupi tu, lakini aibu iliyakalia. Amwambie nini, kwamba kamwita aje anuse? Mpiga picha wa shirika, aliyekuwa anapanga kamera yake, akamtangulia: karibu bibi, kaa hapo mkekani, tunahitaji mtu. Somoe akapewa ubao mweupe, akaambiwa aushike vizuri, urudishe mwanga kwenye chakula.

Hadija akakaa. Akasema bismillahi, akamega tonge la ugali, akachovya kwenye mchuzi kabla mtu hajamkataza, akatia kinywani.

Somoe aliona taya zikisimama. Hadija hakutema. Aliitazama brashi ya Veronika, akaitazama chupa ya sabuni chini ya meza, kisha akamtazama wifi yake usoni, kwa muda. Akameza.

"Umenoga, wifi," akasema. "Mungu akuzidishie."

Veronika alishtuka, akaanza kusema jamani, bibi asile. Mpiga picha akamnyamazisha kwa kiganja. Uso huo ndio aliokuwa akiutafuta tangu asubuhi, uso wa mtu anayekula kwao.

"Hivyo hivyo, bibi. Chovya tena," alisema. "Na wewe mama, pandisha ubao, mwanga umfike mdomoni."

Hadija akamega tonge la pili. Povu lilikuwa limemganda pembeni mwa mdomo. Somoe akapandisha ubao.