Udongo wa Chini ya Msonobari

Mkwe wangu Oryem alikuwa mtu wa kunisalimia kupitia ukutani. Wallahi! Miaka mitatu amemwoa Safinah wangu, miaka mitatu anasimama nje ya nyumba yangu hapa Kyebando, Kampala, kichwa chini: "Habari za asubuhi, mama." Halafu huyo, kaondoka. Kwao Waacholi mwanamume hamkaribii mama mkwe, sembuse kumgusa. Mimi Mnubi, kwetu mkwe anakaa mkekani anakula. Nikamwona ana maringo.

Kwa hiyo siku aliposema nje ya dirisha, "Mama, nisaidie," nilijua mambo yamemfika shingoni.

Oryem alikuwa akikuza miche katika kitalu cha serikali. Mkuu mmoja wa jeshi alikwenda Mlima Elgon, akaipenda misonobari ya huko juu, akataka ipandwe kuzunguka nyumba yake. Oryem akaotesha mbegu. Zikaota vizuri, kisha miche yote mia mbili ikadumaa, ikageuka manjano. Mkuu akaja, akaitazama, akasema, "Wewe Mwacholi unaniulia miti yangu kusudi. Narudi baada ya miezi miwili."

Na mwaka ule, 1974, Mwacholi akipakiwa kwenye gari la jeshi hatukumwona tena. Safinah alikuwa na mimba ya miezi sita.

"Dawa yake nini?" nikauliza.

"Udongo tu, mama. Msonobari haukui peke yake. Mizizini mwake kuna nyuzi nyeupe za uyoga zinazoulisha. Udongo wa hapa hauna. Lazima utoke chini ya msonobari mkubwa. Nami kwa jina langu hili sivuki hata kizuizi kimoja cha askari."

Mimi kila mwezi nilipanda lori kwenda Kapchorwa, huko huko Elgon, kuchukua viazi vya kuuza sokoni Kikuubo. "Hilo limekwisha," nikamwambia.

Kule juu kuna baridi, jamani! Meno yanagongana saa sita mchana. Ukungu unapita katikati ya miti, upepo kwenye yale majani membamba unavuma kama mvua inayokuja, na chini hakuna nyasi, ni majani makavu tu yanayoteleza. Nikafukua, nikaziona nyuzi nyeupe zile zile. Nikajaza nusu gunia. Mvua nayo ikanikuta huko huko. Nilirudi kwenye lori raba zangu zimekuwa mabonge ya matope, mimi nisiyevumilia uchafu hata kidogo.

Kwenye daraja la Jinja askari akafungua gunia.

"Mama, udongo wa nini huu?"

"Wa maua."

"Kampala hakuna udongo? Huu wa kaburi. Mchawi wewe!"

Akaumwaga wote mtoni. Nikamtukana kwa Kinubi, akaniinulia bunduki, nikarudi kwenye lori. Maji yakimwagika hayazoleki.

Nililia kutoka Jinja mpaka nyumbani. Nikaingia na viatu vyangu, nikaukanyaga mkeka wangu mwenyewe, nikaketi. Nje nikasikia hatua zake.

"Oryem, mwanangu, nisamehe. Wameumwaga. Lori lingine ni mwezi ujao, tutachelewa. Kimbia leo leo!"

Nilipoinua macho alikuwa amesimama mlangoni, anaitazama miguu yangu. Akaingia. Akapiga magoti mbele yangu, akanishika kifundo cha mguu.

"Wewe! Unafanya nini? Si mwiko kwenu?"

"Tulia, mama. Usiukung'ute mguu."

Akanivua raba moja, kisha nyingine, polepole kama mtu anayetoa mayai chini ya kuku anayelalia. Akazisuuza ndani ya beseni, mpaka kamba zake. Jasho lilikuwa linamtoka, na hakuthubutu kunitazama usoni. "Kidogo kinatosha," akasema. "Nyuzi zinazaana."

Kila mche ulipata kijiko kimoja cha maji yale ya matope. Wiki ya sita ncha zikaanza kuwa kijani. Mkuu aliporudi akakuta miche mia moja na sitini imesimama vizuri. Akacheka, akapakia, akaenda zake. Oryem alibaki palepale kitaluni, mzima, na mwezi uliofuata akampakata binti yake.

Asubuhi moja baada ya hapo nikasikia ile sauti ukutani: "Habari za asubuhi, mama."

"Nzuri, mwanangu," nikajibu, nikageuzia uso wangu upande wa pili ili apite bila aibu.