Ya Mezani na ya Mkononi

"Taratibu dada, hiyo ukiiangusha tumeumia wote," Noah alisema, akaichukua mashine kubwa mikononi mwa Atuganile na kuirudisha mezani.

Atuganile hakukasirika. Hasira yake yote alikuwa ameitunza kwa ajili ya mtu mwingine, na mtu huyo hakuwa mbali. Alikuwa mtaa wa Makandana, na kwa mguu ungefika kwake kabla chai haijapoa.

Walikuwa ndani ya fremu ya Atuganile, mtaa wa Bagamoyo, mjini Tukuyu, asubuhi ya mvua nyembamba iliyoanza juzi na isiyoonyesha nia ya kuondoka. Noah alikuwa akitokea Mbeya na gari lenye vifaa vya umeme vilivyotumika, na mchana alitakiwa awe Kyela. Juu ya meza alikuwa ameweka mashine mbili za gemu. Bei zao zilikaribiana, na hela ya Atuganile, iliyotokana na kahawa ya shamba la marehemu mama yake, ilitosha moja tu.

Ile kubwa ilikuwa nyeupe na nzito. Noah aliiunganisha na televisheni ya ukutani, na mara uwanja wa mpira ukajaa kwenye kioo, nyasi zikionekana moja moja, jasho likiteremka shingoni mwa wachezaji. Ile ndogo ilikuwa na kioo chake yenyewe, upana wa kiganja na nusu, na pedi zake mbili zilichomoka ubavuni ili watu wawili wacheze. Picha yake ilikuwa ya kawaida. Lakini ilijitegemea. Haikudai televisheni wala luku, na umeme ukikatika, jambo ambalo Tukuyu halihitaji maelezo, yenyewe iliendelea kama haijasikia habari.

Noah alikwisha kuamua kwa niaba yake. Vijana wanafuata picha, alisema. Hiyo ndogo ni ya mtoto wa tajiri kuchezea kitandani, wakati hii kubwa ukiiwasha leo, kesho Makandana nzima itakuwa imehamia hapa. Noah hakujua kwamba kwa kulitaja jina la Makandana alikuwa amegusa kidonda, au pengine alijua, maana wafanyabiashara wana pua.

Kule Makandana ndiko Rodrick, mwenzake wa zamani, alikokuwa na kibanda chake cha gemu. Na mashine iliyokuwa ndani ya kibanda hicho, mwaka mmoja kabla, ilikuwa hapa, juu ya meza hii hii.

Waliinunua pamoja. Atuganile alitoa sehemu kubwa na fremu ilikuwa yake, Rodrick alitoa kidogo na ufundi wake wa kurekebisha pedi zilizokufa. Walifanya kazi vizuri. Vijana walikaa kwenye benchi kwa zamu, anayefungwa anampisha mwenzake, na Rodrick alikuwa na mdomo wa kuwatania walioshindwa mpaka wanalipa tena kwa hasira. Msimu wa kahawa alimsindikiza Atuganile kwao Masoko, akavuna, akala ndizi za mama yake Atuganile, mama Elina, mpaka akafungua kifungo cha suruali. Mama Elina alimwita mwanangu. Wakati mwingine alimwekea nyama kubwa kuliko aliyomwekea binti yake, na Atuganile alicheka tu.

Kisha mama Elina akafariki. Mashine ya mezani haibebwi kwenda msibani, kwa hiyo Atuganile alimwachia Rodrick ufunguo, akamwambia afunge na amfuate Masoko na wengine. Siku ya mazishi alikuwa akigeuka kila pikipiki inapolia barabarani. Rodrick hakutokea. Atuganile aliporudi Tukuyu, kichwa bado kimefungwa kitambaa cha msiba, alikuta meza tupu. Televisheni ilikuwa imeachwa, labda kwa kuwa ilikuwa na ufa pembeni. Watu wakamwambia bila kuficha kwamba Rodrick alifungua Makandana siku ile ile mama yake alipokuwa akishushwa kaburini, tena kwa muziki.

Kuhusu mashine, Rodrick alikuwa na maneno. Alisema ameifufua mara nyingi kwa mikono yake, kwa hiyo ni jasho lake. Wazee wa mtaa walitaka kuwakutanisha, na Atuganile alikataa. Mashine ingezungumzika. Mtu akikuibia utamshtaki, mtagombana, mtapatana. Mtu aliyekula kwa mama yako halafu hakuja kumzika, huyo utamshtaki wapi? Huku kwao Wanyakyusa mtu huacha shamba, huacha duka, huacha hata ugomvi wake, akaenda kuzika. Tangu hapo kila jioni alipokuwa akikaanga maandazi ya kuuza alimkaanga Rodrick pamoja nayo. Alitaka alie. Alitaka amuone amekaa peke yake kwenye benchi lake, akishika pedi zote mbili, akijifunga mwenyewe.

Kwa hiyo alitazama zile nyasi za kwenye kioo na moyo ukamruka.

"Naichukua kubwa," alisema.

Noah alianza kukunja nyaya huku akisifu akili yake. Ndipo Janeth, fundi cherehani wa fremu ya jirani, alipoingia bila hodi, futi ya kupimia ikiwa bado shingoni. Alikuwa na habari na hakuweza kuikalia. Bibi Ikupa, mama mzazi wa Rodrick, alikuwa amefariki alfajiri. Walikuwa wanampeleka nyumbani kwake Kyimo na angezikwa kesho.

"Kibanda chake kimefungwa," Janeth akamalizia, akiitazama mashine. "Atakaa msibani wiki nzima huyo. Shoga, Mungu amekufungulia mlango. Washa leo leo."

Tuseme ukweli. Kitu cha kwanza alichohisi Atuganile kilikuwa furaha, furaha yenyewe kabisa, ya mtu aliyeletewa zawadi asiyoitegemea. Aliketi kwenye benchi aifaidi. Rodrick naye ajue. Naye ageuke kila pikipiki inapolia. Na huku Bagamoyo muziki ufunguliwe mpaka mwisho, kama alivyoufungua yeye.

Lakini alipozidi kuitafuna ile furaha, ikaanza kumkera. Akifungua leo, watu watasema nini? Watasema huyu kafanya na yule kafanya, wamelipana, basi yameisha. Wale wazee watawakutanisha na soda mbili mezani. Watakuwa sare, na Rodrick atalala usingizi kwa mara ya kwanza tangu mwaka jana, kwa sababu atakuwa hadaiwi tena. Sare hakuitaka. Alitaka kumfunga, tena nyumbani kwake, mashabiki wakiangalia.

Na jambo jingine, lile kubwa jeupe pale mezani lilikwisha kumfunga yeye kabla hajalilipia. Akitaka kwenda Kyimo ataliacha na nani? Ufunguo atampa nani tena?

"Noah, hiyo ndogo inaingia kwenye kikapu?"

Noah alisema inaingia hata mfukoni mwa koti, lakini uso wake uliporomoka. Alijaribu kumrudisha. Alisema dada usifanye biashara kwa hasira, watu wa kioo kidogo utawapata wapi? Atuganile alimjibu kwamba watu wako kwenye vituo vya kupimia majani ya chai wakisubiri gari la kiwanda, wako stendi, wako kwenye mabaraza yote ya Makandana umeme ukikatika, na kwamba hawezi kuwasubiri wamfuate wakati yeye ana miguu. Kuhusu ukubwa wa kioo, watakaa karibu.

"Na leo?" Janeth aliuliza. "Leo unafungua au hufungui?"

"Kesho naenda kuzika."

Janeth alimtazama vizuri, akaona anatabasamu, akaamua kurudi kwenye cherehani yake.

Kesho yake Atuganile alifika Kyimo baadhi ya ndugu wa marehemu hata hawajaamka. Alikuwa amejifunga kanga mbili, moja kiunoni na moja kichwani, na kikapu begani. Ndani ya kikapu kulikuwa na mchele wa rambirambi, na chini ya mchele, ikiwa imezimwa na kuviringishwa kwenye taulo, kulikuwa na biashara yake yote. Fremu ya Bagamoyo ilikuwa imefungwa kwa komeo na ndani hamkuwa na cha kuchukua ila ile televisheni yenye ufa.

Hakwenda kumtafuta Rodrick. Alikwenda moja kwa moja jikoni nyuma ya nyumba, akaomba kisu, akaketi na wanawake kumenya ndizi, kikapu kikiwa katikati ya miguu yake. Alimenya kwa bidii ya mkwe. Alipuliza kuni mbichi mpaka macho yakawa mekundu. Alikwenda bombani na kurudi, akakataa kupokelewa ndoo. Punde wanawake wa Kyimo wakaanza kuulizana huyu binti hodari ni wa nani, na bibi mmoja aliyekuwa akiosha maharage akamuuliza mwenyewe.

"Mimi nilikuwa mwenzake Rodrick wa kazi, kule Tukuyu," Atuganile alisema kwa upole. "Na mimi nilimzika mama mwaka jana, kwetu Masoko."

"Ndaga, mwanangu, ndaga fijo," yule bibi alimshukuru kwa Kinyakyusa, na macho yake yakalainika. "Basi Rodrick alikuja kukuzikia, na wewe umerudi kumzikia. Ndivyo watu wanavyoishi."

Hapo ndipo alipokuwa akipasubiri. Alikuwa amekesha usiku kucha akitunga maneno ya kusema, makali, yaliyonolewa pande zote mbili. Yalipofika mdomoni aliona hayana kazi. Aliinamisha kichwa, akachukua ndizi nyingine, akaanza kuimenya. Hakusema ndiyo wala hapana.

Yule bibi alingoja jibu. Kisha mikono yake ikasimama ndani ya maharage. Akamtazama jirani yake, jirani akamtazama aliyefuata. Baadaye mmoja wao aliinuka, akabeba sinia la chai kuelekea walikokaa wanaume. Atuganile alijua kwamba hakubeba chai peke yake. Utamu aliousikia wakati ule hajawahi kuusikia tena, nao ulikuwa mtamu hasa.

Kabla ya saa sita alianza kuona matunda yake. Wajomba waliacha kuzungumza Rodrick alipowasogelea. Alipotoka nje kupokea jeneza, watu wawili waliokuwa wakimpigapiga mgongoni waliondoa mikono. Akapepesa macho huku na huku akitafuta kilichoharibika, na macho yake yakatua kwenye mlango wa jiko, juu ya Atuganile, aliyekuwa ameshika mwiko. Atuganile hakumkwepa. Aliinamisha kichwa kidogo, kama mtu anayetoa pole.

Jambo ambalo hakulipanga lilikuwa kulia. Jeneza liliposhushwa, wanawake walipoanza wimbo, alikumbuka kwamba huyu Bibi Ikupa alimwona mara moja tu, sokoni hapa Kyimo, akamwongezea vichane viwili vya ndizi akisema mchukulie mama yako. Mama yake alizila zile ndizi. Atuganile akalia kwa sauti, machozi ya mwaka mzima, na hakuweza kujua ni ya nani. Alijichukia kwa hilo. Hakuja pale kulia.

Baada ya kaburi kufukiwa, watu walipanga mstari kunawa kabla ya chakula. Aliyekuwa na jagi alikuwa binti mdogo wa mjomba, na Atuganile alimwambia akapumzike. Akalishika yeye. Aliwanawisha wazee kwanza, akawanawisha walimu na wageni wa mjini, akiinama kwa kila mmoja, nao walimshukuru kwa heshima waliyokuwa wameacha kumpa mtoto wa marehemu. Mvua nyembamba ilikuwa imekatika. Rodrick alikuwa amejivuta mpaka mwisho wa mstari, lakini kila mstari una mwisho, na hatimaye alifika.

Mikono yake ilikuwa imejaa udongo mweusi wa kaburi mpaka kwenye viwiko. Aliinyoosha juu ya beseni. Hakuinua uso. Nyuma yake, kwenye mabenchi, watu walikuwa wamepunguza sauti.

"Dada Atu," alisema polepole. "Mimi kule Masoko sikuja."

"Najua. Nawa."

Akammiminia. Rodrick alichukua kipande cha sabuni, akasugua, udongo ukateremka, mapovu yakawa ya kijivu na kisha meupe. Alisugua kupita kiasi. Vidole vyake, vile vilivyofufua pedi ngapi, alivisugua kimoja kimoja. Aliponyoosha tena mikono ili aoshwe, Atuganile aliinamisha jagi na yakatoka matone machache tu. Maji yalikuwa yameisha.

Rodrick aliinua uso kwa mara ya kwanza. Machozi yalikuwa yanamtoka, na kwa mikono ile hakuweza kuyafuta. Alikuwa na sura ya mtu aliyefiwa na mama yake, basi. Atuganile alitafuta aibu aliyoifuata kutoka Tukuyu, akaiona, ilikuwepo, lakini ilikuwa imekaa mbali sana nyuma ya ule uchungu wa kufiwa.

Aligeuka na kwenda kwenye pipa lililokuwa chini ya mchirizi wa bati. Akazamisha jagi, likajaa. Alikuwa amewapa mgongo wote. Huko nyuma hakuna aliyejitolea kuleta maji mengine, na alijua bila kuangalia kwamba Rodrick bado amesimama mbele ya beseni, mikono mbele, mapovu yakianza kukauka. Jagi lilikuwa zito. Akasimama nalo, hajaamua kama ampelekee au amwache hivyo mbele ya watu, akiangalia maji ya pipa yakitulia.